Kwani yai la sato linajuaje pa kuanzia? Maswali yenu ya mwezi huu

Wasomaji wangu kamwene, na nyie wa upande wa Rungwe na Busokelo mugonile. Mwezi uliopita hapa hapa nilikuwa najibu swali la kutoa mayai mdomoni mwa sato jike, maana huyaatamia humo, na katikati ya maelezo nikapitisha sentensi moja tu, kwamba siku za kwanza za kiinitete cha samaki kuna alama ndogo za kemikali zinaitwa metili, zinabandikwa juu ya DNA, na zinachangia sana kuamua jeni gani, yaani kipande gani cha maelekezo kwenye DNA, isomwe na ipi inyamazishwe. Sentensi moja tu jamani, na meseji hazijakoma mpaka leo. Nimefurahi kweli maana hili jambo nalipenda toka nilipokuwa nafundisha baiolojia, kwahiyo mwezi huu kurasa zote nimezipa metili, magonjwa ya kuku yatasubiri.

Swali la kwanza ni la mwanafunzi wa kidato cha sita, Iringa mjini: "Shikamoo mwalimu. Nasoma PCB. Darasani tumefundishwa DNA ni ileile kwenye kila seli ya mwili. Sasa kama ni ileile, seli ya jicho la samaki inajuaje iwe jicho na ya ini iwe ini? Na hiyo metili ni sawa na mutesheni?"

Marahaba mwanangu. Nianze na la mwisho: hapana, sio sawa, na ukishashika tofauti hiyo mengine yote yanakuwa mepesi.

Chukua kwaya ya usharika wowote hapo Iringa. Kitabu cha nyimbo ni kimoja, soprano anacho, besi anacho, mpiga kinanda anacho, maneno yaleyale mpaka nukta. Ila fungua kile cha mama wa soprano, utakuta penseli imepita: ubeti huu kaukata mkwaju, hawauimbi, pale kaweka duara, wanarudia, ukurasa wa mbele kaukunja kabisa maana sehemu ile ni ya wanaume. Fungua cha besi, alama ziko sehemu zingine kabisa. Hakuna aliegusa maneno yaliyochapwa, lakini ukiwasikia wanaimba ni sauti tofauti. Mutesheni ni pale mtu anapobadilisha neno lenyewe lililochapwa. Metili ni penseli.

Kikemia penseli yenyewe ni kitu kidogo sana, kaboni moja na haidrojeni tatu, inashikizwa kwenye herufi C ya DNA, yaani sitosini, na kwa wanyama wenye uti wa mgongo karibu kila mara ni ile C ambayo jirani yake anaefuata ni G, herufi nyingine ya DNA. Kwa samaki pundamilia, yule mdogo wa maabara ambae nitamwelezea hapo chini, sehemu za C na G zenye alama ni kama asilimia 80. Sasa alama zikijazana pale mwanzoni mwa jeni, sehemu ambayo mashine za kusoma hutua kwanza, kwa kawaida jeni hiyo inanyamaza. Seli ya ini ina jeni za jicho, inazo zote, ila haziimbwi.

Alafu kuna waandishi wa hizo alama, ndio vimeng'enya vyenyewe, yaani protini zinazofanya kazi za kemia ndani ya seli, na hapa usikariri majina tu, jiulize kazi. Seli ikigawanyika inanakili DNA yake, ni kama kwaya inapata mwanachama mpya na mtu anakaa kumnakilia kitabu kwa mkono. Anaenakili maneno anaandika maneno tu, hizo penseli hazijali. Kwahiyo nakala mpya inatoka safi, haina mkwaju wala duara. Anakuja kimeng'enya kinaitwa Dnmt1, na kwa vile DNA ni nyuzi mbili, anaangalia uzi wa zamani wenye alama, anaangalia uzi mpya ulio mtupu, anaweka alama palepale. Na hafiki pale peke yake, kuna protini inaitwa Uhrf1 ambayo kazi yake ni kutafuta sehemu zilizo na alama upande mmoja tu na kumwonyesha, kama mtu anaekuwekea kidole kwenye mstari. Hii ndio njia ya seli ya ini kuzaa seli ya ini na sio kitu kingine. Wazo hili kwamba alama za metili ndio kumbukumbu ya seli lilitolewa mwaka 1975, na watu waliokuwa mbalimbali, Arthur Riggs kule Marekani na Robin Holliday na John Pugh kule Uingereza.

Dnmt1 ni wa kunakili. Wa kuandika alama mpya mahali ambapo hapakuwa na kitu ni familia ya Dnmt3. Sisi binadamu tunao wawili wanaofanya hiyo kazi, DNMT3A na DNMT3B. Samaki pundamilia anao sita! Sehemu ya sababu ni kwamba babu wa samaki wengi wa mifupa tunaowala, zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita, DNA yake yote ilijirudufu ikawa nakala mbili, kwahiyo jeni nyingi zikabaki na pacha na wengine wakajipatia kazi zao tofauti. Na wa kufuta wapo pia, familia ya Tet, hawa hawaifuti metili moja kwa moja kama raba, wanaibadilisha kidogo kidogo mpaka seli inaitoa. Samaki pundamilia wakinyimwa Tet2 na Tet3 wanashindwa kutengeneza seli mama za damu vizuri. Ukipata swali la mtihani kuhusu kwanini seli zenye DNA moja zinatofautiana, andika hayo na usisahau kwamba metili ni njia mojawapo tu, kuna protini zinazoshika DNA na kuna alama kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imejizungushia, zote zinasaidiana.

Mfugaji wa Kiwira ameandika hivi: "Kaka habari za kazi. Nilifuata maelekezo yako nikatoa mayai mdomoni, nikayaweka kwenye ndoo yenye maji yanayozunguka. Siku tatu za kwanza safi kabisa, macho yakaonekana, mikia ikaanza kucheza. Kuanzia siku ya sita wakaanza kufa, mpaka siku ya tisa wamebaki wa kuhesabu. Je hizo metili zimeharibika?"

Pole sana kaka, najua uchungu wake, Julai moja hapa Uyole nilipoteza beseni zima. Niseme wazi kabla sijaenda mbali: kwa jinsi ulivyoeleza mi naangalia kwanza baridi, alafu ukungu mweupe kwenye mayai yaliyokufa ambao unahamia kwa wazima, alafu hewa kwenye maji na uchafu wa maji yenyewe. Sato akipata maji ya nyuzi 27 au 28 mayai yanaanguliwa ndani ya siku tatu mpaka tano hivi. Maji yakishuka chini ya 20 hata kutaga wanaacha, sasa wewe huko Kiwira mwezi wa sita na wa saba ukiamka asubuhi ukatia mkono kwenye maji unautoa haraka, kiinitete kinafanyaje humo. Nunua kipimajoto, ni bei ndogo. Na yai likigeuka jeupe kama chokaa litoe siku hiyohiyo kwa mpira mwembamba, usisubiri kesho.

Lakini swali lako limenigusa kwa sababu nyingine. Huo mtindo wa kuanza vizuri alafu kuanguka baadae, ndio huohuo watafiti waliuona kwa samaki waliozaliwa bila Dnmt1 inayofanya kazi, na sababu yake inafaa kila mfugaji aijue.

Samaki wenyewe ni hao pundamilia, Danio rerio, wa mito ya India, Nepal na Bangladesh, mtu mzima hafiki hata urefu wa kidole chako cha mwisho, wana mistari ya bluu ubavuni. Aliewaandika kitabuni ni Francis Hamilton mwaka 1822, na aliewaingiza kwenye maabara za jenetiki kwa nguvu ni George Streisinger wa Chuo Kikuu cha Oregon, mpaka mwaka 1981 akatoa kazi yake ya kuwazalisha wakafanana kijeni kama nakala. Walipendwa kwa sababu yai lao linarutubishwa nje ya mwili na ni angavu, unaweka chini ya hadubini unaona kila kitu kinavyotokea. Kwenye nyuzi 28.5 seli ya kwanza inachukua kama dakika 45 kugawanyika, kuanzia hapo ni kila robo saa, mbili, nne, nane, kumi na sita, saa tatu hazijaisha vizuri una seli kama elfu moja. Saa 24 moyo unadunda na mkia upo. Siku ya pili kwenda ya tatu anatoka kwenye ganda.

Sasa sikia hapa. Zile saa tatu za mwanzo kiinitete hakisomi jeni zake chenyewe, karibu zote ziko kimya. Kinaishi kwa masurufu ya mama. Mama kabla hajataga alikijazia yai sio kiini cha njano cha kula tu, alijaza na maelekezo ya kutengeneza protini na protini zenyewe, Dnmt1 ikiwemo. Kwahiyo samaki asie na Dnmt1 yake mwenyewe anaanza safari kama wenzake, kwa sababu anatumia ya mama. Macho yanatokea, mkia unacheza. Masurufu yakiisha ndio tatizo linaonekana, na linaanzia kwenye viungo ambavyo bado seli zake zinagawanyika kwa kasi, kongosho linaharibika, na hao samaki hawavuki hata siku kumi. Ukimnyima Uhrf1 ini linabaki dogo. Panya wakinyimwa Dnmt1 hata kuzaliwa hawazaliwi, hilo lilionyeshwa mwaka 1992.

Ndio maana nasisitiza mama, mama, mama. Ubora wa yai unaanza kabla jike hajataga. Na hili sio maneno yangu tu, mwaka 2018 watafiti wa Norway walitoa kazi yao ambapo pundamilia wazazi walilishwa chakula chenye upungufu wa foleti, vitamini B6 na B12 na methionini. Hivyo vyote ndivyo mwili unavitumia kwenye mtambo wa kutengeneza metili. Watoto wao, ambao wenyewe walilishwa vizuri kabisa, wakakutwa na mabadiliko ya alama za metili kwenye ini na mafuta yamejaa inini. Watoto walikula vizuri! Upungufu ulikuwa wa wazazi. Sasa wewe jiulize wale sato wazazi wako unawalisha nini, kama ni pumba za mahindi toka Januari mpaka Desemba, pumba haina B12 hata chembe. Changanya na dagaa waliosagwa, hata kama ni hao wazazi tu na wengine wa kuuza uendelee na mashudu ya alizeti na soya. Mi wazazi wangu siwapunguzii dagaa hata mwezi ambao hela imekata.

Na ukipata nafasi siku moja chukua jike aliebeba, mlaze kwenye beseni lenye maji, mfungue mdomo taratibu kwa kidole gumba, yale mayai yanavyomwagika ya rangi ya machungwa hafifu yana umbo kama peasi dogo, yaangalie kwa kioo cha kukuzia. Siku ya kwanza huoni kitu zaidi ya kikofia kidogo juu ya kiini. Chini ya hicho kikofia ndio kazi yote niliyokueleza inafanyika.

Mama mmoja wa Mafinga ana malalamiko: "Dada yangu alinunua vifaranga elfu mbili vya sato akaambiwa ni madume matupu. Baada ya miezi mitano bwawa limejaa watoto. Muuzaji anasema walipewa homoni ya metili. Sasa hiyo metili ndio hii yako? Imeshindwaje?"

Mama asante kwa swali, hapa watu wengi wanachanganya. Homoni inayotumika inaitwa metiltestosteroni. Kweli kuna metili kwenye jina lake, na ni kaboni moja na haidrojeni tatu zilezile, ila imekaa kwenye homoni sio kwenye DNA. Kazi yake pale ni kuikinga homoni isivunjwe na ini mara tu ikiliwa, bila hiyo kuichanganya kwenye chakula isingesaidia. Ni jina tu limefanana, penseli niliyokuwa naongelea ni kitu kingine.

Imeshindwaje? Mara nyingi ni muda. Kifaranga cha sato kinapomaliza kiini chake na kuanza kula, viungo vyake vya uzazi bado havijaamua. Homoni inatakiwa iingie hapohapo, wakiwa hawajazidi milimita 14 hivi, iendelee wiki tatu mpaka nne bila kuruka. Kama muuzaji alikusanya vifaranga wa umri tofauti bwawani, wakubwa walishaamua zamani, hao hata uwape homoni mwaka mzima majike watabaki majike. Au walikuwa kwenye bwawa la kijani lenye chakula cha asili wakajishibisha huko, kile chenye dawa wakakigusa tu. Mwambie dada yako safari ijayo amuulize muuzaji maswali mawili, vifaranga vilitolewa mdomoni au bwawani, na vilianza dawa vikiwa na urefu gani, akianza kuzunguka zunguka aondoke na hela yake. Na bwawa lililojaa asilitelekeze, awavute kwa nyavu awatenge madume kwa kuangalia tundu la uzazi chini, vijana wa ugani wanajua, jike ana tundu moja zaidi.

Ila kuna mahali ambapo penseli yangu na jinsia ya samaki zinakutana kweli. Kuna samaki wa kufugwa wa bahari ya Mediterania, besi wa Ulaya, wafugaji walikuwa wanalalamika madume yanazidi mno. Watafiti wa Barcelona mwaka 2011 wakaonyesha kwamba vifaranga wakikaa kwenye maji ya moto siku zao za mwanzo, alama za metili zinaongezeka kwenye mwanzo wa jeni ya aromatazi. Aromatazi ndio kimeng'enya kinachogeuza homoni za kiume kuwa estrojeni, homoni ya kike. Jeni ikinyamazishwa estrojeni inakuwa kidogo, ovari haijengeki, samaki anaishia dume. Joto la wiki chache za utotoni limeandikwa mwilini na linabaki mpaka ukubwani! Hata sato nae joto linamsukuma kuwa dume lakini ni joto kali la nyuzi 36 hivi, hapo Mafinga mama hata jua liwake vipi bwawa halifiki huko, kwahiyo mtu asije akakuuzia hadithi kwamba bwawa lake la juani linatoa madume.

Mzee wa Njombe ameniandikia kwa kirefu, nafupisha: "Mwanangu, wazee wetu wanasema mbegu ni baba. Je hizi alama mtoto anazipata kwa baba au kwa mama?"

Shikamoo mzee wangu. Swali lako ndilo hasa lililowashughulisha watafiti, na mwaka 2013 makundi mawili tofauti, moja China na jingine Marekani, yalitoa majibu karibu kwa wakati mmoja, na hayakuwa yale ambayo watu waliyategemea.

Kwa panya na kwa sisi watu, yai likisharutubishwa sehemu kubwa ya alama za wazazi wote wawili zinafutwa siku za mwanzo, alafu zinaandikwa upya kabla ya mimba kukomaa. Watu wakadhani na samaki ni hivyohivyo. Wakaenda kuhesabu kwa pundamilia, hatua kwa hatua, seli kumi na sita, seli mia, seli elfu. Wakakuta alama zilizokuja na mbegu za dume hazifutwi, zinadumu. Za mama ndio zinazobadilika, mpaka seli kumi na sita bado zipo kama zilivyokuja, kuanzia hapo zinaanza kupotea na mpya kuandikwa, na ikifika saa ya tatu, pale jeni za kiinitete zinapoamka, upande wa mama umeshafanana na upande wa baba.

Najua mzee hapo umetabasamu. Lakini subiri. Walijaribu pia viinitete visivyo na DNA ya baba kabisa, vyenye ya mama peke yake. Na vyenyewe vikajipanga upya kuelekea mpangilio uleule wa mbegu za dume. Hakukuwa na baba wa kumwigilizia! Yaani mama anao ujuzi wote wa kupanga, na vimeng'enya vya kupangia ni vile alivyoweka yeye kwenye yai. Kwahiyo kwa samaki huyu mbegu kweli inakuja imepangwa, ila anaepanga nyumba ni mama.

Na usiupeleke huu mfano kwa binadamu mzee wangu, maana nimeshasema kwetu ufutaji ni mkubwa. Wala usiupeleke kwa samaki wote, medaka wa Japani, samaki mdogo vilevile wa maabara, yeye anafuta alama nyingi kama panya. Ila kuna samaki bapa wa bahari ya China, jamii ya wayo, aliye jike kijenetiki ukimlea kwenye joto anaweza kugeuka dume na akazaa. Mwaka 2014 ilitolewa kazi ikionyesha kwamba watoto wake wenye jenetiki ya kike nao wanaweza kugeuka madume hata bila joto, na alama za metili za baba wamezirithi. Mi nikisoma hayo nakaa kimya kidogo. Joto alilolipata baba, mtoto ambae hakulipata analibeba.

La Kyela ni fupi: "Nikila mbasa au magege, hizo metili zao zinaingia kwenye DNA yangu?" Haziingii ndugu yangu. DNA ya samaki tumboni inavunjwavunjwa. Unachopata ni methionini na B12, ambazo mwili wako utazitumia kwa mambo yake mwenyewe. Kula tu kwa amani.

Namalizia na msomaji wa Masoko, Rungwe, na nimemweka mwisho kwa sababu jibu lake nimelisubiri siku nyingi nipate mtu wa kuniuliza: "Hapa kwetu ziwa Kisiba huwa wanakuja wazungu na Watanzania wa utafiti, wanapiga mbizi, wanavua samaki wadogo ambao sisi hatuwajali, wanawapiga picha wanaondoka nao. Watu wanasema wanatafuta hela za Mjerumani zilizotupwa ziwani. Wewe unajua wanatafuta nini?"

Ndaga fijo kwa swali. Hela za Mjerumani na mimi nimezisikia toka utoto. Lakini hao wanatafuta samaki kweli, na samaki wenyewe wana thamani kuliko hizo hela.

Yule samaki mdogo wa Kisiba kisayansi anaitwa Astatotilapia calliptera. Mababu zake walitoka mitoni wakaingia kwenye hilo ziwa la kreta, hawana pa kutokea, wakabaki humo. Ukisimama ukingoni maji yakiwa yametulia unawaona madume wa njano wanazunguka kwenye mawe na majani. Wale wanaopiga mbizi wakishuka mita 20 na zaidi, kule kwenye giza, wanakutana na madume wengine, wa bluu iliyoiva, taya na meno tofauti, chakula tofauti. Ziwa moja, na babu mmoja. Mwaka 2015 kazi yao ilitoka kwenye jarida la Science, jina la Masoko, ndivyo wanavyoliita hilo ziwa Kisiba, likasomwa dunia nzima, wakionyesha kwamba makundi haya yako njiani kuwa samaki wa aina mbili na DNA zao bado zinafanana kwa sehemu kubwa sana, utengano umejikusanya kwenye visiwa vichache tu vya DNA.

Sasa mwaka 2022 ndio ikaja hii ya kwetu ya leo. Wakachukua maini ya wa juu na wa chini wakapima alama za metili. Zikatofautiana, na kwenye jeni za namna mwili unavyotumia chakula. Wakafanya na jambo la pili ambalo ndilo nalipenda: wakawazalisha wote kwenye matangi yanayofanana, chakula kimoja, mwanga mmoja. Alama nyingi zikasogea zikafanana, yaani zilikuwa zinafuata mazingira. Ila chache zikabaki tofauti, hazikujali tangi. Kwahiyo hapo Kisiba unaona penseli ya aina mbili kwenye samaki mmoja, ile inayofuata maisha anayoishi na ile anayozaliwa nayo, na huenda ndio namna samaki mpya anavyoanza kupata nafasi kwenye kina kigeni kabla herufi za DNA hazijabadilika sana. Ziwa Nyasa lina mamia ya aina za samaki wa ukoo huu na kila mtu anajiuliza walianzaje. Kwenu ndio panapoonekana mwanzo wenyewe, na unaweza kulizunguka kwa miguu na ukarudi nyumbani mchana kula.

Kwahiyo ndugu yangu nina ombi moja, na ulipeleke hata kwenye mkutano wa kijiji. Kuna watu wenye mabwawa huko juu wakivuna wanabaki na vifaranga vya sato, wanaona huruma kuvitupa, wanasema tukavimwage Kisiba vikue vya bure. Wasifanye hivyo. Sato anakula mayai ya wenzake, anagombea ukingo, na akishaingia kwenye ziwa kama lile hamtoi tena kwa nyavu wala kwa ndoano. Vifaranga vikizidi mgawie jirani mwenye bwawa, au wakaange watoto.